Tendegu la Nne

Jaku alikuwa mkereza wa matendegu, ile miguu ya vitanda, pale Mlandege. Keezo lake, asiyelijua angedhani ni kuni tu: magogo mawili yamelala sakafuni yakitazamana, kila moja na jino lake la chuma. Mti hubanwa baina ya meno hayo, kamba ya uta ikazungushwa juu yake, mkono wa kulia ukavuta na kurudisha, basi mti ukazunguka mbio mpaka macho yakachoka. Mkono wa kushoto hushika patasi. Lakini mkono mmoja hauiwezi; kinachoituliza patasi isiruke ni mguu, kidole gumba na mwenziwe, kama koleo. Vidole vya Jaku vilisifiwa mji mzima.

Sasa vilikuwa vimekufa ganzi.

Alivikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, akavisugua kwa mchanga, wapi! Na kifundoni likatoka doa jeupe, akawa analifunika kwa kikoi. Alijua doa kama lile lilimfanya nini jirani yake Mcha: watu walikuja mchana kweupe wakamwondosha, wakampeleka kwa wakoma, hata bakuli lake likachomwa moto.

Bi Bahiya alitaka matendegu manne ya kitanda cha harusi ya bintiye, Sheikha. Matatu yalikuwa tayari. La nne, kila Jaku akivuta uta, patasi inamponyoka. Mwisho akaifunga mguuni kwa kitambaa, akakaza, akavuta.

"Ehee, sasa umetulia," akauambia mguu.

Mkewe, Mwatum, akaingia na sahani ya mihogo.

"Bwana we! Damu hiyo!"

"Wapi?"

"Wapi! Mguuni kwako! Husikii?"

Akatazama. Patasi ilikuwa imezama kidoleni, na tendegu limekunywa damu. Hakuwa amesikia kitu. Hapo ndipo alipoogopa, tena si damu aliyoiogopa.

Mwatum akafungua kitambaa, akaliona doa.

"Tangu lini?"

"Usiniulize."

"Nshakuuliza."

Mara hodi mlangoni. Mwatum akautupia mguu kanga, na Bi Bahiya huyo kaingia.

"Fundi, unanikerezea matendegu au unanikerezea msikiti? Watu wa harusi wananicheka!" Akainama. "Na hili mbona jekundu? Ushatia rangi, na bado hujamaliza kukereza?"

Rangi hutiwa mwisho, kila mtu anajua. Hata hivyo neno "naam" lilikuwa ulimini mwa Jaku. Angelisema tu, yangekwisha. Akamfikiri Sheikha, bibi harusi, analala juu ya damu ile.

"Si rangi, Bi. Ni mguu wangu."

Akaiondoa kanga mwenyewe.

Bi Bahiya hakupiga kelele. Alivuta ukaya wake mpaka puani, akarudi kinyumenyume.

"Sitaki hata moja. Hata hayo matatu, sitaki." Akatoka, na sauti yake ikasikika huko nje, nyumba kwa nyumba.

Mwatum akatia komeo. Akakaa kushoto kwa mumewe, akaishika patasi kwa mikono miwili.

"Nioneshe."

"Tunamkerezea nani tena, Mwatum?"

"Nioneshe nkwambie!"

"Ishushe kidogo. Usiikabe."

Jaku akavuta uta. Patasi ikamruka Mwatum, ikaanguka kule. Akaiokota. Ikamruka tena. Nyayo nyingi zikasimama mlangoni, mtu akagonga, akagonga kwa nguvu.

"Vuta wewe," akasema Mwatum. "Vuta, hawajaingia bado."