Gari Lililogoma Kutoka Bandani

Aliyemwambia fundi wa hapa Iyunga kwamba gari la marehemu baba halihitaji mkono wake ni mimi. Mimi bingwa, niliyetazama video tatu kwenye simu.

Gari lilikaa bandani miaka minane, nimelipandisha mwenyewe juu ya matofali matairi yasiharibike. Nikabadilisha oili, nikafunga betri mpya, nikashusha magurudumu ya mbele. Jumamosi asubuhi mama mkwe akaketi kiti cha nyuma na mkungu wake wa ndizi, nimrudishe kwao Ilula. Majirani wakatoka kutuaga, mchungaji akaliombea gari kama ilivyo desturi yetu.

Nikatia gia, nikapunga mkono kama mheshimiwa. Injini ikanguruma, gari likabaki palepale. Nikakanyaga mafuta. Wapi!

“Mchungaji, gia ziko sawa,” nikasema kitaalamu. “Hili si jambo la kawaida.”

Akaelewa. Akaweka mikono juu ya boneti, majirani wakamfuata, wakaanza kumkemea pepo aliyelishika gari. Nami nikakemea kutoka kwenye usukani, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama mkwe akashuka taratibu, akainama, akaja dirishani kwangu.

“Baba Neema, mwambie mchungaji apumzike. Huku nyuma bado kuna matofali.”