Ukuta Uliomlilia Mama

Nilipokuwa mtoto kule Mgeta, ukuta wa chumba cha wazazi wangu ulikuwa unalia. Sitii chumvi. Kipupwe kilipoingia, ukuta ule wa upande wa mlimani ulitoka matone alfajiri, yakanenepa, yakaungana, kisha yakateremka moja moja kama machozi ya mtu anayelia bila sauti. Kwa wengine yalikuwa maji tu. Kwa bibi yangu mzaa mama, zilikuwa habari.

"Ukuta haulii bure," alituambia. "Ukilia, kuna mtu wa nyumba hiyo yuko njiani kuondoka. Na chozi likifika sakafuni, harudi."

Nyumba ya Bibi ilikuwa jirani na yetu, ya udongo, yenye moto na moshi kutwa nzima, na kuta zake hazikulia hata siku moja. Ya kwetu ndiyo ilikuwa ya kisasa. Baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akaipiga lipu, akatia madirisha ya vioo, na chumbani akapaka rangi ya mafuta ya bluu, inayong'aa. Kila upenyo aliuziba ili baridi ya mlimani ikose pa kuingilia. Aliipenda nyumba ile kuliko alivyokiri, ingawa ilisimama juu ya ardhi isiyo yake. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwanamume aliyeoa hukaa pale kwa heshima ya mkewe. Mke akifariki, wapo waliofunga virago baada ya arobaini na kuwaacha watoto kwa wajomba. Hakuna aliyenieleza hayo waziwazi, lakini mtoto anayemenya njegere katikati ya wanawake husikia yote.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na maneno ya Bibi aliyacheka, ila aliyacheka chinichini, maana mkwe hachezewi.

Nikiwa darasa la tatu, mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Walimteremsha mjini Morogoro akiwa amekaa mbele kwenye lori la kabichi, baba na mama mdogo wakimshikilia huku na huku. Baba alirudi peke yake. Alituambia mtoto amezaliwa salama, wa kike, lakini mama hajaweza kuinuka, na mama mdogo amebaki kumuuguza. Kisha akaingia chumbani akakaa muda mrefu. Bibi alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yako ukutani.

Mdogo wangu Sefu alikuwa hanyamazi usiku, akimtaka mama, basi baba akatuhamishia sote kwenye kitanda chao. Ukungu ulikuwa umekaa nje wiki nzima na nguo hazikauki, kwa hiyo sare zetu za shule tulizianika humo humo chumbani kwenye kamba. Maji ya kuoga baba aliyachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, pale pembeni ya mlango. Na ukuta ukalia kuliko ulivyowahi kulia.

Niliogopa jamani. Nikachukua kanga kuukuu ya mama, nikawa naamka kabla ya Sefu na baba, natembea kwa vidole, nafuta. Nilianza na matone yaliyokaribia sakafu, nikapanda hadi mkono unapoishia. Ya juu sikuyafikia. Niliyangoja yateremke, nikayadaka njiani.

Asubuhi moja nilipitiwa na usingizi. Niliposhtuka kulikuwa kumeanza kupambazuka, na upande wa baba kitandani ulikuwa umepoa. Niliruka chini nikijua nimechelewa, na kwamba mama nimempoteza mimi.

Baba alikuwa amesimama juu ya kigoda, taulo lake mkononi, anafuta kule juu karibu na dari. Aligeuka akaniona na kanga yangu. Tulitazamana. Hakucheka.

"Wewe futa chini," alisema. "Mimi nafuta juu."

Tangu hapo tukawa tunafuta pamoja kila siku. Jioni baba alipanda kilimani kutafuta mtandao ampigie mama mdogo simu, nami nilimsubiri mlangoni nikijaribu kumsoma usoni. Siku alipoteremka karibu anakimbia, mtu mzima yule, nilijua kabla hajafungua kinywa. Mama alirudi na lori lililotoka kushusha mboga Dar, amekonda, mtoto kifuani. Kitu cha kwanza alichofanya chumbani ni kufungua madirisha yote mawili, akilalamika kuwa tunanuka uvundo.

Nikajua baadaye, nikiwa mtu mzima, kwamba kazi hiyo alikuwa akiifanya kila asubuhi bila sisi kuiona. Alipoondoka hakuna aliyefungua. Tukajifungia watu watatu na nguo mbichi na maji yanayochemka, pumzi zetu zikaenda kugota kwenye ukuta wa baridi uliopakwa mafuta, zikageuka maji. Basi Bibi, Mungu amrehemu, hakukosea sana. Ukuta ulilia kwa sababu mama hakuwepo.

Siku hizi nakaa Mafiga, Morogoro mjini, ambako anayetoka jasho ni mtu, si ukuta. Kipupwe kilichopita nilipanda kuwasalimia wazee, nikakuta ukuta ule wa chumbani umeota doa jeusi la kuvu. Nikamweleza baba kwa madaha kidogo: tukwangue rangi ya mafuta, tupake chokaa, tutoboe matundu ya hewa. Nikamweleza na habari ya pumzi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nalifundisha hilo darasani."

"Hata wakati ule?"

"Hata wakati ule."

Nikamuuliza, sasa alikuwa anafuta nini. Baba alitazama uani, mama alikokuwa akiosha karoti na kumgombeza mtu kwenye simu.

"Mama yako alikuwa hajarudi, mwanangu."

Miaka yote nilidhani asubuhi ile alinifanyia huruma, au aliingiwa na imani za Bibi. Kumbe alijua vizuri kabisa kuwa ni maji, na bado hakuweza kulala kitandani akaliacha tone lifike chini.