Maji ya Ndimu ya Jumatatu

Katika ukumbi wa chakula wa ile hoteli ya Shangani hapakuwa na mhudumu aliyeshika karatasi wala kalamu. Ndivyo alivyotaka Machano Pandu, mkuu wa wahudumu, tangu enzi za mwenye hoteli wa kwanza, na serikali ilipoichukua hoteli mwaka sitini na nne desturi hiyo aliiacha vilevile. Mhudumu alimsikiliza mgeni, akayashika maneno kichwani, akaenda jikoni. Mgeni akirudi siku ya pili hakuulizwa tena anakunywa nini, aliletewa tu. Machano mwenyewe alikuwa akiwakumbuka wageni wa miaka kumi nyuma, nani hali pilipili na nani hataki kukaa karibu na dirisha. Wakubwa wa mji walimsifu kwa hilo, naye sifa zile zilimpendeza.

Jumatatu moja ya mwaka sabini aliingia Borafya, karani wa bandarini, jirani yake wa Kikwajuni waliyepakana naye ukuta. Hakuwa amewahi kula pale. Nyuma yake alikuja fundi wa mitambo, Mzungu, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji. Siku zile mwananchi kukaa na mgeni bila ruhusa lilikuwa jambo la kuitwa na kuulizwa, na mjini kila mtu alimjua mmoja aliyeitwa asirudi. Machano akawapa meza ya nyuma ya nguzo, akamkabidhi Silima awahudumie, naye akasimama mahali pa kuwakinga na mlango.

Alikiona kiboksi kikipita chini ya kitambaa cha meza, kisha cha pili. Hakuhitaji kuelezwa. Mwanaasha, mke wa Borafya, alikuwa na pumu, na dawa yake ilikuwa haipatikani mjini kwa miezi. Machano alikuwa akimsikia akihema ng'ambo ya ukuta.

Wakati wa kutoka Borafya alimpita karibu.

"Hukuniona, Bwana Machano."

"Sikukuona."

Ahadi ile aliifunga moyoni, wala hakumwambia Silima neno. Haikumjia kwamba naye Silima alikuwa na macho.

Silima alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watatu, na kazi ile alikuwa nayo mwezi wa pili tu. Wiki iliyopita Machano alimkaripia mbele ya wenzake kwa kumuuliza daktari mmoja, mgeni wa kila siku, kama anatia sukari. Tangu hapo alikuwa akitafuta namna ya kuifuta aibu ile.

Alhamisi mchana walikuja wakubwa wanne wa serikali, na Borafya nyuma yao amebeba mafaili. Wakamwambia naye akae. Silima alipomwona uso ulimchanua, maana huyu alikuwa mgeni anayemjua. Machano alikuwa mlangoni akipokea kofia. Alipogeuka, bilauri ilikuwa imeshatua mezani.

"Ndimu na tangawizi, bila sukari," Silima alisema. "Kama ya Jumatatu, bwana."

Mkubwa mwenye miwani aliweka uma chini. "Kumbe karani una mazoea hapa? Bandarini mnaishi vizuri kuliko sisi."

Wenzake walicheka, na Borafya akacheka nao kidogo. Akaulizwa alikuja na nani, akasema peke yake. Yule mwenye miwani akamwita Machano kwa kidole.

"Naambiwa hakuna unachosahau. Huyu Jumatatu alikaa na nani?"

"Sikumbuki, mheshimiwa."

"Na mimi, mara ya mwisho nilikula nini?"

Pweza wa nazi, mwezi wa tatu. Kijiko cha kwanza alikirudisha kwa kuwa kilikuwa na doa. Machano alikiona kijiko kile kama kipo mkononi mwake.

"Sikumbuki."

Mkubwa akatabasamu, akamgeukia Silima. Silima alimtazama mkuu wake, na Machano alikuwa anatazama sakafu. Baadaye Silima alieleza kwamba alidhani mzee kababaika, na kwamba alitaka kuuokoa ukumbi usiaibike. Alijibu kama alivyofundishwa, kwa mpango, kuanzia kinywaji: ndimu moja na soda moja, samaki changu wawili wa kukaanga, meza ya nguzo, Mzungu mwenye bendeji mkono wa kushoto.

Hawakuinuka. Walikula mpaka matunda, na Machano akawaandalia kila sahani kwa mkono wake.

"Kula, karani," alisema mwenye miwani. "Chakula kisiharibike."

Borafya alikula. Ndimu hakuigusa. Kisha wakamtia katika gari, mmoja kila upande.

"Nimekosa wapi, mzee?" Silima aliuliza.

"Hukukosa. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Siku ya pili Machano aliwagawia wahudumu penseli na vipande vya karatasi, akawaagiza kila mgeni aulizwe upya, hata aliyekuja asubuhi yake. Wageni walinung'unika. Naye akawa anawauliza majina.

Wiki ya tatu Mwanaasha alikuja mlango wa jikoni. Nyumba yao ilikuwa imepekuliwa na vile viboksi vimechukuliwa. Kila ofisi aliyokwenda aliambiwa mtu huyo hawamjui.

"Nambie alivaa nini, maana siku hiyo nilitoka kabla yake."

Machano alimwambia. Shati jeupe la mikono mifupi, kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi. Saa mkono wa kulia. Wino kwenye kidole. Alimwambia alichokula na alichoacha.

"Na walipokuuliza, ulisemaje?"

"Nilisema sikumbuki."

Mwanaasha alijifunika buibui lake.

"Nani angekuamini wewe," alisema.

Akaondoka. Alisimama mara mbili kupumua kabla ya kulifikia geti.