Jina la Bi Zuhura kwenye Kibao cha Nguzo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chuo alinipeleka moja kwa moja ukumbini, mbele ya kibao cha shaba. "Hawa ndio Nguzo zetu," akasema. "Kazi yako ni kuhakikisha hakuna hata mmoja anayejuta kutusaidia."

Jumuiya ya Nguzo ilikuwa ya wahisani wakubwa: huyu alijenga darasa, yule alitoa kiwanja. Mimi, karani niliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea, niliandika wasifu wao, nikaagiza majina yachongwe na kuandaa hafla ya kuwashukuru.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wakivuka ziwa kwa makundi. Bi Zuhura, mfanyabiashara wa dagaa wa Ujiji, alikipa chuo nyumba yake ya Rusimbi iwe bweni la wasichana. Nilimwandika kwa jina kamili, pamoja na la baba yake, Mrundi aliyehamia zamani. Sikumuuliza kwanza.

Asubuhi ya hafla, aliposikia jinsi jina lake lilivyochongwa, alikuja ofisini akihema. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Mwana wanje, mwanangu, lifute jina la baba. Kaka zangu waliobaki Burundi wamevuka juzi, wako kambini. Waliowaua wenzao wanawasaka kwa jina hilo hilo."

Kibao kipya kilikwisha kufungwa ukutani, kimefunikwa kitambaa. Mkuu wa Mkoa alikuwa njiani. Nilimwendea Mkuu wa Chuo, nikakiri kosa langu.

Akauliza, "Tunamheshimu yeye, au tunajipamba sisi?" Akaomba bisibisi, akapanda kwenye kiti na suti yake, akakibandua mwenyewe.

Jioni ile hapakuwa na kitambaa cha kufunua. Mkuu wa Chuo akasema tu, "Yupo Nguzo mmoja asiyetaka kutajwa. Tusimame kwa ajili yake." Ukumbi mzima ukasimama. Bi Zuhura naye, katikati ya wanawake wa mtaa wa Buzebazeba, akasimama akapiga makofi kama wenzake. Hapo ndipo nilipopata pumzi.

Kaka zake walirudi kwao salama amani ilipopatikana. Mwaka niliostaafu, Bi Zuhura alikuja ofisini kwa mkongojo.

"Sasa liandike," akasema. "Lote."

Safari hii nilimuuliza kila herufi. Ninyi mnaoshika kazi hii leo, msione haya kuuliza. Mimi nilijifunza kwa hofu. Nashukuru Mungu sikujifunza kwa msiba.