Kamba Niliyoifua

Mume wangu aliupima uwanja wa shule yetu kwa kamba ya mkonge, na kamba hiyo niliiharibu mimi. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ila mimi na sabuni yangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, nje kidogo ya mji wa Nyeri, upande ule ambao ukifungua mlango wa jikoni asubuhi mlima unakutazama usoni kabla mawingu hayajaufunika. Tulikuwa na miezi minne tu katika ndoa. Mchana alifanya kazi ya kupima kahawa ya wakulima kiwandani, na jioni alirudi nyumbani mbio, viatu mkononi. Watu walimpigia kelele kutoka mashambani wakiuliza anafukuzwa na nani. Mama mkwe alinivuta kando akaniuliza kama kweli ninamshibisha mwanawe.

Shule ilikuwa na kiwanja cha nyasi tu, hakuna mistari. Walimu wakamwomba awapimie raundi ya mbio. Alinunua kamba mpya kwenye duka la Mhindi mjini, akamwomba msimamizi wa kazi za barabara ampimie yadi hamsini na tano kwa mnyororo wa serikali, akafunga uzi mwekundu kwenye ncha zote mbili. Siku ile ile aliitundika kutoka pembe ya jikoni hadi kwenye mparachichi ili inyooke, ikafika na kubakiza ncha ya kufungia fundo. Jioni alinichorea hesabu kwenye majivu ya jiko kwa kijiti: kamba mara nane ni raundi moja, raundi kumi na mbili ni maili tatu. Alikuwa na furaha mpaka chakula kikapoa.

Siku chache baadaye kamba ya mtamba wetu wa ng'ombe ilikatika, na mume wangu bila kufikiri akamfunga kwa ile mpya. Wiki nzima iliburutwa kwenye matope na mavi. Na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kupima, mbele ya walimu wote, mimi nikishika ncha moja. Mimi nilitoka nyumba safi, nilijivunia usafi kupita kiasi, na singeonekana na walimu nimeshika mavi ya ng'ombe. Ijumaa niliiloweka kamba kwenye karai, nikaifua kwa sabuni ya kipande kama shuka, nikaianika kwenye ua. Lakini mwezi wa saba kwetu hakuna kitu kinachokauka. Asubuhi tulikwenda nayo mbichi.

"Hii kamba imekaza," alisema akiivuta.

"Ni baridi," nikamjibu. "Hata mimi nimekaza."

Akacheka, akaendelea kupima. Wanawake wa kijiji walileta majivu ya majiko yao kwa madebe, tukachora mistari. Ulikuwa uwanja mzuri mno.

Tangu hapo aliukimbia kila jioni huku mwalimu mkuu akishika saa. Dakika zikaanza kupungua. Mwalimu mkuu aliitikisa saa yake, akaipeleka kwa fundi, fundi akasema ni nzima. Habari zikaenea hadi Kiganjo kwamba kwetu kuna mtu anaruka. Akaitwa kwenye mashindano ya mkoa pale Nyeri mjini. Watatu wa kwanza wangekwenda Nairobi, na kutoka Nairobi mtu angeweza kupanda ndege kwenda kukimbia kwa niaba ya nchi yake. Hakulilia kitu kingine duniani. Aliniahidi koti la Ulaya, na mimi, niseme kweli, nilishachagua rangi.

Siku hiyo niliketi kwenye nyasi na tumbo langu kubwa. Aliongoza raundi kumi na moja. Kengele ya raundi ya mwisho ililia, bado yuko mbele, nikasimama na kupiga vigelegele bila aibu. Kisha, ikiwa imebaki kama nusu raundi, miguu ikamkataa. Niliiona ikimkataa. Wakampita wanne.

Njiani kurudi, tulipofika darajani, alisimama.

"Sijui ni nini," alisema. "Nyumbani hapo ningekuwa nimemaliza."

Jumatatu nilichukua ile kamba nianike nguo za mtoto niliyekuwa nikimngojea. Niliivuta kutoka pembe ya jikoni hadi kwenye mparachichi. Haikufika. Ilipungua yadi mbili nzima. Kwanza nilifikiri nimekosea mti. Halafu nikakumbuka maji ya karai yalivyoikaza, nikakaa chini mlangoni, nikapanga njiti za kiberiti sakafuni: mbili mara nane, kumi na sita, mara kumi na mbili. Ilikuwa karibu nusu raundi, ile ile iliyomshinda Nyeri.

Ningemwambia siku hiyo. Lakini nilimwogopa mama mkwe, nilimwogopa yeye, na zaidi niliogopa namna ambavyo angenitazama. Nikasema nitamwambia mtoto akizaliwa. Akazaliwa. Nikasema akiachishwa kunyonya. Mtu akianza kuahirisha neno la namna hiyo, linazidi kuwa zito.

Hakushindana tena. Aliamini mwili wake ulimsaliti, akauhamishia mlimani. Alikuwa akienda Naro Moru kubeba mizigo ya wageni wanaopanda hadi kwenye barafu, siku tano, siku sita, na anarudi midomo imepasuka, nguo zinanuka moshi na baridi. Siku nyingine alizimaliza kwenye mto Chania, akirudi na samaki wenye madoadoa ambao mama mkwe aliapa hawatagusa sufuria ya nyumba hii. Niliwapika nje kwenye mkebe, tukala wawili tumechuchumaa kama wezi. Nilimpenda sana nyakati hizo. Lakini kila alipofunga mzigo niliutazama mlima kwa wivu, nikijua kwamba mimi ndiye niliyempeleka huko.

Kila mwaka watoto wa shule yetu walishinda nyumbani na kushindwa Nyeri. Watu wakasema watoto wa huku wana pumzi fupi. Hilo nalo nililisikia nikanyamaza.

Tulipokuwa na watoto watano, na mambo ya yadi yameshakuwa ya kizamani, shule ikapata mkanda wa kupimia kwa mita. Mwalimu kijana alikuja kumwomba mume wangu awe pale, kwa heshima, kwa sababu uwanja ule ni wake. Usingizi uliniruka. Singeweza kuiacha habari hii aisikie kwa mkanda, mbele ya vijana. Asubuhi nilimwekea chai, nikamwambia yote: sabuni, ua, mparachichi, njiti za kiberiti.

Alikunywa chai mpaka ikaisha.

"Kwa nini uliifua?" aliuliza.

"Ilikuwa na mavi ya ng'ombe."

Aliinuka akavaa gambuti zake, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Uwanjani mwalimu kijana alipima, akapima tena, akajikuna kichwa.

"Mzee, ati hii uwanja ni fupi. Tena si kidogo."

"Nilipima vibaya," mume wangu akasema. "Makosa ni yangu. Hawa watoto wako na pumzi ya kutosha, usiwaambie kitu kingine."

Walipomaliza kuweka mistari mipya, alikuja niliposimama, akavua koti, akanipa nishike. Alikwenda upande wa pili wa uwanja, mahali panapolingana na pale ambapo Nyeri miguu ilimkataa. Akakimbia ile nusu raundi. Alikuwa amepita miaka arobaini na mitano, amevaa gambuti, na walimu walicheka wakidhani mzee anawachekesha. Mimi sikucheka. Nililia kwenye koti lake.

Alifika akihema, mikono magotini.

"Sasa nimemaliza, mama watoto," alisema. "Twende tukakamue."

Hakulitaja tena mpaka alipofariki, na sasa ni miaka mingi. Ninamkosa asubuhi zaidi, mlima ukiwa wazi, kwa sababu bado ninatazama njia kama mtu anayengoja mzigo ushuke.

Juzi mke wa mwanangu, msichana msafi kama nilivyokuwa mimi, aliikuta kamba ile ghalani, nyeusi kwa majivu ya uwanja na kwa matope na mavi ya miaka ya kufungia ng'ombe, uzi mwekundu umebaki upande mmoja. Akaja nayo na karai la maji.

"Mama, nikuoshee?"

Nilimpokonya kwa nguvu hata akashtuka. Kisha nikamwomba msamaha, nikamkalisha, nikamweleza haya niliyoyaeleza hapa. Kamba nimeirudisha ghalani na mavi yake.