Mdhamini wa Fundi Wake Mwenyewe

Mama yangu hakuwahi kuajiri mtu bila kwanza kwenda kwao. Alifunga karakana yake pale Mwanjelwa, Mbeya, akajitanda kitenge kizuri, akabeba sukari na sabuni, akasafiri hadi mlangoni kwa wazazi wa anayetaka kazi. Alikaa, akala alichopewa, akasikiliza watu wa nyumba ile wanavyosemeshana. Kisha mzazi alimkabidhi mtoto wake kwa maneno, na Mama akayapokea. Ajira ilianzia hapo.

Fundi wake wa kwanza alimtoa Iringa, katika nyumba ndogo chini ya misheni ya Tosamaganga. Nami nilikuwepo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubaki nami nyumbani. Nakumbuka ukungu uliokuwa umelala juu ya mahindi kama ng'ombe aliyegoma kuamka. Mama mzazi wa fundi, mjane, alimshika Mama mikono yote miwili.

"Nimekukabidhi huyu," alisema. "Siku nikimwita, umrudishe wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Nimesikia," Mama akajibu.

Fundi huyo sisi watoto tulimwita Dada. Tunafuma sweta za shule, na baridi ya nyanda hizi haina mzaha, kwa hiyo kazi haikosekani. Dada ndiye aliyefundisha kila aliyekuja baada yake. Wakati nikiandika riwaya yangu ya kwanza, nilikaa kwenye kona yake kwa sababu mlio wa mashine yake ulikuwa na mdundo ambao sentensi zangu ziliutaka. Krrr kwenda, krrr kurudi. Mpaka leo nikisoma kurasa zile namsikia.

Mwaka juzi mjane wa Tosamaganga alianza kupoteza macho, akaanza kumwita binti yake. Na wakati huohuo kaka yangu mdogo, aliyesomea biashara, alipata mkopo wa kufungua tawi Iringa mjini. Sisi wote tuliona jambo moja: msimamizi wa tawi ni Dada. Atafuma, atasimamia, na jioni atarudi kumpikia mama yake. Mafundi wenzake walianza kumtania.

"Bosi, ukifika Iringa usituletee mapozi ya kina nani."

"Nitawaletea viazi," alisema Dada. "Mapozi mnayo tayari."

Lakini kaka alikuwa amewapa watu wengine kazi ya kutafuta wafanyakazi. Wakala wa ajira, ofisi ya Dar es Salaam, watu wenye sauti laini kwenye simu. Kaka alituambia kwamba biashara haikui kwa kujuana, na kwamba benki inataka utaratibu. Sitasema hakuwa na hoja. Binamu yetu aliwahi kupewa duka kwa sababu ni binamu, akalila mpaka misumari. "Kila mtu aombe," kaka alisema. "Hata Dada aombe. Kama anafaa, atapita."

Dada akaomba, kwa simu yake, mimi nikimsaidia. Palipotakiwa mdhamini, mwajiri wake wa sasa, tukaandika namba ya Mama. Ungeandika ya nani?

Simu ilipigwa mchana, Mama akiwa anahesabu vifungo. Aliweka sauti ya nje, kama kawaida yake, na karakana nzima ikanyamaza.

"Naongea na mdhamini wa mwombaji?" aliuliza binti wa wakala kwa sauti laini.

"Mwombaji gani tena, mwanangu?"

Yule binti akataja jina la Dada. Mama akatabasamu hadi tukaona pengo lake.

"Kwa kiwango cha moja mpaka kumi, mama, uaminifu wake ukoje?"

"Funguo za hapa anazo yeye. Mimi nikiwahi kufika namsubiri nje."

"Hiyo ni ngapi, mama?"

Tulicheka wote, Dada akajifunika uso kwa sweta ambayo haijaunganishwa mikono.

"Na kwa nini unadhani kampuni imchague yeye?"

"Kampuni ipi?"

Binti akasoma jina. Ni jina lililochorwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango wetu.

"Hiyo ni yangu," alisema Mama.

Sauti ikabaki laini kama mwanzo. "Kwa hiyo, mama, una maslahi katika kampuni inayoajiri?"

"Maslahi? Nakwambia ni yangu!"

"Nashukuru sana kwa kutujulisha."

Ujumbe ulimfikia Dada wiki hiyohiyo. Ombi lake halikuendelea. Mdhamini wake alikuwa na mgongano wa maslahi.

Nimejaribu mara nyingi kuiandika hasira ya siku ile kwa utulivu, nikashindwa, na sasa sijaribu tena. Mwanamke aliyeijenga nyumba alizuiwa kuingia kwa kuwa mwenye nyumba alisema anamjua! Nilimkuta kaka kwenye gari lake.

"Ulijua?"

"Niliona jina limetolewa," alisema. "Nikaacha utaratibu ufanye kazi yake. Nikivunja kwa mmoja, nimevunja kwa wote."

"Huyu alikubeba mgongoni!"

"Ndiyo maana siwezi kuamua mimi." Akapandisha kioo.

Mama alisema atamwondoa msimamizi aliyeletwa na wakala. Kisha akasikia kwamba ni kijana kutoka mbali, ameshapanga chumba, ameshaleta mke. Akakaa chini. "Naye ni mtoto wa mtu," alisema. Kaka akatuma habari kwamba nafasi zikitoka tena, Dada anakaribishwa kuomba.

Dada hakuomba. Alimwachia Mama funguo juu ya meza, akafunga godoro lake. Mama akavaa kitenge cha safari, akanunua sukari na sabuni, akasema mimi nitabeba mizigo.

Nyumba ya chini ya misheni ilikuwa ileile, ila mlango umeinama. Mjane alitugusa nyuso ili atujue. Alipofika kwa Mama aliishika mikono yake yote miwili, kama siku ile.

"Umemrudisha kwa sababu nimemwita," aliuliza, "au umemfukuza?"

Mama alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno, mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno sokoni, na hakulipata.

"Nimerudi mwenyewe, mama," Dada alisema. "Ingieni ndani, baridi hii."

Alimsitiri Mama yangu. Kazi hana, atalima viazi na kufuma kwa mkono, na bado alimsitiri. Nilikasirika hata kwa wema ule, kwa kuwa ulimwacha kila mtu aende zake salama.

Tukiwa njiani kurudi, basi liliposimama Nyololo, wauza mahindi wakigonga madirisha, Mama alisema bila kunitazama:

"Wapigie wale watu wa ajira."

"Niwaambie nini?"

"Wanifute kwenye udhamini. Mimi sikuwa mdhamini wa yule. Mimi nilikabidhiwa."

Namba yao ninayo mpaka leo. Sijapiga. Nikipiga nitatukana, na atakayepokea atakuwa yule binti mwenye sauti laini, ambaye naye, sina shaka, kuna mtu alimpitisha kwenye mchujo.