Madume Kumi na Wawili Ndani ya Ndoo

Kwa miaka mingi vidole vyangu vilikuwa vya zambarau. Nikipita sokoni Machakos, wenye mdomo waliniuliza nimempigia nani kura na uchaguzi haujafika. Niliwajibu waniache, niko kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kumlaza samaki chali na kumchungulia sehemu za siri. Haya, chekeni. Hata mke wangu alicheka mpaka akaketi.

Nilikuwa msaidizi kwenye mabwawa ya kufugia samaki, chini kidogo ya mji. Tilapia ukiwaacha dume na jike pamoja wanazaana ovyo, bwawa linajaa vitoto vya saizi ya kidole, na hakuna anayenenepa. Kwa hivyo tuliwatenga. Unamshika kwa mkono wa kushoto, tumbo juu, unampangusa, unampaka ile dawa ya zambarau ya vidonda, vitundu vinajitokeza. Viwili ni dume, vitatu ni jike. Madume bwawa hili, majike bwawa lile. Nilikuwa na jicho, nisikufiche. Wenzangu walikosea, mimi sikosei, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Ikaja ile mvua ya El Niño. Kingo zilipasuka, na tilapia wetu wakubwa, wale ambao asili yao ni maziwa ya mbali, wakateremka mtoni. Bosi wetu, mama mmoja mkali tuliyemwita madam, alikasirika kuliko sisi wote, na kwanza sikuelewa kwa nini. Samaki si ni samaki? Ndipo akaniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunieleza. Mto wetu una tilapia wake, mdogo, mweusimweusi, asiye na sura ya kuuza. Maelfu ya miaka mto umekuwa ukikauka na kubaki vidimbwi vya maji moto yenye chumvi, na kila ukikauka, aliyeshindwa alikufa na aliyeweza akazaa. Huyo mdogo ndiye aliyebaki. Akipandwa na yule mkubwa, watoto wanatoka mchanganyiko, nao wanazaa, na baada ya vizazi vichache yule wa zamani hayuko tena.

"Hafi," madam alisema. "Anayeyuka tu. Na akishayeyuka hakuna wa kumrudisha."

Akanionyesha mkia. Yule mkubwa mkia wake una mistari wima, imepangwa vizuri toka mwanzo hadi mwisho. Wetu hana. Mvua ilipokwisha na miezi kupita, tulivua mtoni siku nne, na kila mkia tulioshika ulikuwa na kamstari hapa, kamstari pale. Walikuwa wameshachanganyika. Mimi, na kiherehere changu, nikasema, "Madam, mimi najua mahali wako."

Walikuwa Kola, kwa mama mdogo, ndugu wa mamangu. Marehemu mumewe alipokuwa kijana aliwabeba kutoka mtoni ndani ya kibuyu na kuwatia kwenye silanga, lile bwawa la udongo la kunasa maji ya mvua, ambalo kikundi cha mwethya, majirani wa kusaidiana kazi, kiliwachimbia mlimani. Mafuriko hayakufika kule juu. Mama mdogo mwenyewe hali samaki. Kwake samaki na nyoka ni mtu na binamu yake. Lakini kila asubuhi alienda kuwatupia makapi ya muthokoi, yale maganda ya mahindi yaliyotwangwa, na kuwasalimia. Aliwaita tusamaki twa mzee. Mzee alikuwa amemwacha na shamba, mbuzi watatu, na hao.

Nilimweleza shida yetu. Hakuuliza mara mbili. Aliingia jikoni akatoka na ndoo yake nyeupe yenye kifuniko, ile ya maji ya kunywa, tukavua samaki thelathini hivi.

"Wapeleke wakasome mjini," akasema. "Na wasirudi na kiburi kama chako."

Tuliwatengea bwawa dogo lao peke yao. Madam alifurahi mpaka akaninunulia chai. Mambo yalikuwa sawa kabisa, na yangebaki sawa kama si ndoo.

Ndoo ya mtu hairudi tupu. Sijui kwingine, lakini kwetu mtu akikupa kitu ndani ya chombo chake, huwezi kumrudishia chombo kinachovuma upepo. Watu watasema hukulelewa. Ungeweka sukari, ungeweka unga, ungeweka hata viazi viwili. Na mimi nilikuwa na uwezo wa kuweka sukari! Lakini sukari ni ya kila mtu. Mimi nilitaka mama mdogo aone kazi yangu. Nikaingia bwawani nikachagua tilapia wetu kumi na wawili, wakubwa, wa kung'aa.

Msidhani sikufikiria. Nilifikiria, na hapo ndipo ninapojichukia. Nilijiambia, nikiweka madume matupu, hawatazaana, hawatajaza silanga, watanenepa tu na kupendeza macho. Nikampindua kila mmoja mara mbili. Nikapaka dawa, nikahesabu vitundu. Viwili, viwili, viwili. Sikukosea hata mmoja. Madume wote.

Na majike? Majike walikuwa tayari kule, wakinisubiri, tusamaki twa mzee. Mjinga mimi. Miaka yote nikitenga dume na jike, kwangu jike lilikuwa kitu kilichoko bwawa la pili, upande ule, si shida yangu. Halikunijia kichwani hata nilipofungua kifuniko na kuwamwaga. Mama mdogo alipiga vigelegele. Majirani walikuja kutazama. Nilirudi Machakos nikijiona mwanamume.

Mwaka wa tatu kikaja kiangazi kibaya. Maji yalipopungua, bwawa dogo lilikauka kwanza, na asubuhi moja tukawakuta wale thelathini na watoto wao wamelala ubavu kwenye tope. Madam aliwatazama, kisha akanishika bega.

"Si mbegu bado iko kwa mama yako mdogo? Silanga yake ina maji?"

"Nadhani iko nayo, madam."

"Mungu ametuhurumia. Nenda."

Nilienda nikipiga mluzi, wallahi. Nilitupa wavu mdogo, nikavuta, nikamshika wa kwanza na kumfungua mkia kwa kidole. Mistari miwili, halafu nusu mstari. Wa pili, mistari mitatu iliyofifia. Mwingine alikuwa jike, mdomo umevimba. Tilapia jike hulea mayai mdomoni, hali chakula siku hizo, anashinda njaa akiwalinda. Nikamfungua mdomo taratibu. Alikuwa amewabeba watoto wa madume yangu. Nikaketi palepale kwenye matope.

"Umeona?" mama mdogo aliniita kutoka juu ya ukingo, uso wote kicheko. "Samaki wako wamezaa na wetu! Saa hizi ni wakubwa, hata mzee hangewajua!"

Nilisema, "Nimeona, mama."

Nilishinda pale hadi jua la alasiri, nikifungua mikia. Hakukuwa na hata mmoja msafi. Nikarudi kwa madam nikamwambia silanga imekauka. Hivyo tu. Uongo wa maneno mawili, na macho yangu makavu. Akasema pole, akaniambia nimsalimie mama mdogo. Aliniamini kwa sababu mimi sikosei. Baadaye alihamishwa kwenda kazi nyingine, na sikumwambia. Hadi leo ningempata njiani sijui ningeanzia wapi.

Miaka ikapita. Kila nilipoenda Kola, mama mdogo alinipeleka silanga nikaone samaki wetu, na kila mara nilisema ni wazuri. Nilikuwa nasikia aibu mpaka masikioni. Hatimaye, siku moja alipokuwa anachambua mbaazi uani, magoti yake tayari yamechoka kushuka mpaka majini, akaniambia, "Nenda ukanisalimie tusamaki twa mzee."

Nikashindwa. Nikamwambia yote, madume, majike, mikia, uongo. Nililia, mtu mzima na kipara changu. Nikamwambia nilifanya hivyo ili ndoo yake isirudi tupu.

Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

"Kwa hivyo wale wa mzee hawako."

"Hawako, mama."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja."

"Na hawa ninaowalisha kila siku ni akina nani?"

Alitazama upande wa silanga, kuku wakazidi kusogelea mbaazi na hakuwafukuza.

"Wui, mwanangu," akasema mwishowe. "Kwani ungeirudisha tupu, mimi ningekufanya nini?"

Aliinuka kwa shida, akaingia jikoni. Nilidhani anaenda kulia peke yake. Akatoka na ndoo ileile nyeupe, sasa imekuwa ya manjano kwa uzee, akaijaza mbaazi mpaka juu, akagandamiza kifuniko kwa viganja viwili na kuniwekea miguuni.

"Wapelekee watoto," akasema. "Na hii uirudishe tupu. Umesikia? Tupu."

Niliirudisha Jumamosi iliyofuata, nimeisugua, haina kitu. Tangu barabarani mpaka kwake ni mwendo, na wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa kuniangalia na ndoo yangu tupu. Aliipokea mlangoni. Akafungua kifuniko, akachungulia ndani mpaka chini, akaikagua na pembeni.

"Sasa sawa," akasema, na akaenda kuiweka mahali pake.